Vipande vya Mzee Masele

12 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Mashine ya kusaga ya jirani haijapata mteja hata mmoja, kwa hiyo leo studio yangu imekuwa kimya, jambo ambalo hutokea mara chache hadi nikakosa la kufanya. Nikawasha kompyuta. Programu ikanisalimia kwa jina: Karibu tena, Valerian. Mke wangu hajanisalimia hivyo tangu tuhamie Katoro.

Hadi mwaka juzi nilikuwa na programu yangu mwenyewe ya kurekodia. Ilikuja kwenye boksi, diski ndani, na kijitabu ambacho sikukisoma. Niliinunua mara moja ikawa yangu, kama sufuria ilivyo ya mwenyewe. Tuliiita Boksi. Kisha vijana wenye studio kule stendi wakaanza kusema studio ya Valerian inatoa sauti za enzi za kanda, nami, mtu mzima mwenye kitambi na mvi, nikaona aibu. Kompyuta nzima, na Boksi ndani yake, nikaipa kwaya ya Ushirombo. Nikajiunga na programu ya kukodi. Unalipa kila mwezi kwa simu, inafunguka. Usipolipa, haifunguki. Mke wangu, Mama Aneth, akaibatiza Mwenye Nyumba siku ileile.

"Umehama kwako ukaenda kupanga," alisema. "Na umri huu."

14 Aprili

Leo amekuja Mzee Masele, nami bado najiuliza kama nimesifiwa au nimetukanwa.

Mtu asiye wa huku huenda asijue Masele ni nani. Ni manju wa Bagika. Wasukuma wana pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, na wakishavuna hukutana kushindana. Mkutano huo wanauita mbina. Kila manju huja na wimbo mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na nusu ya wimbo ni kumchambua manju wa upande wa pili. Wa Bagalu ni Mwigulu. Hawa wazee wawili wamechambuana miaka mingi kiasi kwamba mmoja akiumwa jino, mwingine anatunga ubeti.

Alisimama mlangoni kwanza, akatafuta pumzi. Alichimba dhahabu ujanani, na vumbi la mwamba halijawahi kumtoka kifuani.

"Mwadila, Valerian."

"Mwadila, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kisukuma bado hujakijua?"

"Najua cha kununulia mchele."

"Miaka yote hii?"

"Sisi Wafipa ni wagumu, mzee."

"Vizuri. Ndiyo maana nimekuja kwako." Akakaa. "Kule stendi kila anayebonyeza mashine anasikia Kisukuma. Nikikohoa tu, jioni Mwigulu anajua nimekohoa nikimlenga nani. Wewe nitaimba mbele yako kama mbele ya ng'ombe."

Nikamshukuru.

15 Aprili

Mvua. Umeme hakuna.

26 Aprili

Tumeanza, na si kama nilivyozoea. Mzee hawezi kuimba ubeti mzima. Anaimba mstari mmoja, tunasimama, anakohoa, anakunywa maji ya moto, tunaendelea. Na haanzi mwanzo. Siku ya pumzi nzuri anaimba mistari mirefu, siku mbaya anaimba mifupi, popote ilipo kwenye wimbo. Kisha anavuta kiti hadi kwenye skrini na kuninyooshea kidole. Kusoma hajui, lakini kila kipande nimekipa rangi.

"Huu wa kijani uweke kabla ya mwekundu. Sio huo, ule mfupi wake. Ndiyo. Sasa mwekundu umepata mguu."

Nikauliza mwekundu unasema nini.

"Endelea kununua mchele," akasema.

Lipo sharti moja: nisiutoe. Wimbo ukiwa ndani ya programu ni vipande vilivyopangwa kwenye skrini. Ili uweze kupigwa kwenye simu au spika, lazima uutoe kuwa faili moja. Hilo hataki mpaka asubuhi ya mbina. Wakati mmoja kijana wa studio moja ya stendi alitoa wimbo wake mapema, ukafika kwa Mwigulu kwa simu kabla yeye hajafika nyumbani. Mwigulu akaja uwanjani na majibu tayari.

"Ukitoa, unatembea," anasema. Nikamwahidi. Nimeahidi mambo magumu kuliko hilo, mengine kanisani.

3 Mei

Mzee anakuja na binti yake Vumilia, anayembebea uji kwenye chupa ya chai. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mcheshi, ana macho ya babake. Nilimkaribisha ndani. Masele akasema, "Huyo akae nje."

Nikadhani utani. Haukuwa utani. Vumilia ameolewa na mtoto wa Mwigulu. Akatoka, akakaa barazani chini ya bati, mvua ikimrushia matone miguuni, tukirekodi ndani na mlango umefungwa.

Nilipotoka kuchukua maji nilimkuta ameegemea ukuta.

"Shemeji, unasikia kitu?" nikamtania.

"Nasikia mashine ya kusaga," akasema. Kisha: "Baba Aneth, humo ndani amenitaja?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye hakuamini.

11 Mei

Mahindi ya shamba letu dogo la Buseresere yamevunwa. Mama Aneth anasema mavuno ni mazuri kwa sababu mimi sikushiriki.

19 Mei

Mistari mitatu. Mzee amepungua.

30 Mei

Leo nilimuuliza kwa nini hamfundishi Vumilia wimbo kwa mdomo, maana pumzi inakwisha na watu wake watahitaji mtu wa kuongoza.

"Nilimlea, nikamfundisha nyimbo zangu zote," akasema. "Akaenda nazo kwa Mwigulu."

"Alikwenda kuolewa, mzee."

"Alikwenda na mdomo wake."

Vumilia alikuwa barazani anamenya karanga. Dirisha la studio nimeliziba kwa trei za mayai na godoro kuukuu, sauti haipiti. Nilitamani kwa mara ya kwanza ipite.

8 Juni

Mwenye Nyumba ananiandikia barua pepe kila wiki, kwa Kiingereza kirefu chenye picha za watu weupe waliovaa spika masikioni wakicheka. Za wiki hii ni mbili. Sijui wanacheka nini, nami nimeshalipa.

13 Juni

Aneth amekuja likizo kutoka chuo Mwanza. Nilimwomba anifutie barua hizo kwenye simu, zimejaza nafasi. Akaanza kufuta, akasimama.

"Baba, hizi umezisoma?"

"Nimeziangalia."

"Wanafunga. Kampuni imenunuliwa na nyingine. Baada ya tarehe thelathini mwezi huu programu haitafunguka tena, kwa mtu yeyote. Wanasema utoe kazi zako kabla."

"Lakini nalipa."

"Wanakushukuru kwa kulipa. Imeandikwa hapa."

Mama Aneth alikuwa anachagua mchele. Baadaye akasema tu kwamba mwenye nyumba wa kawaida angalau hupita mwenyewe kubisha hodi.

14 Juni

Nimekwenda nyumbani kwa Mzee Masele, nje kidogo ya mji, kumweleza. Nilieleza vibaya. Nikasema programu ni ya kukodi, mwenyewe anaifunga, vipande nitabaki navyo kwenye kompyuta yangu lakini mpangilio uko kwake, huko alipo.

"Alipo wapi?"

"Sijui, mzee. Ng'ambo."

"Wimbo wangu uko kwa mtu ambaye hujui anaishi wapi."

"Mpangilio wake, ndiyo."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Nilimkimbia Mwigulu," akasema alipopata pumzi, "ambaye nauona moshi wa jiko lake kutoka hapa."

Nikamwomba ruhusa niutoe, niufiche, hata mke wangu asijue. Akakataa. Wimbo haujaisha, bado mistari minne, ndiyo kiini chake, na anasubiri pumzi. Ukitolewa nusu, Mwigulu ataupata nusu. Mbina ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba. Akasema niutoe siku ya mwisho kabisa, tarehe thelathini, ukiwa umetimia, na ukae kwangu tu.

Nikakubali. Nimeandika hapa nikubaliane na nafsi yangu kwamba yalikuwa makubaliano ya busara.

22 Juni

Mistari minne imepatikana. Ameimba kama mtu anayenyanyua magunia. Kati ya maneno hayo nilitambua mawili, kwa sababu ni majina: Vumilia, na Mwigulu. Kila jina alilivuta peke yake, kwa pumzi yake, likawa kipande chake. Kisha mistari miwili mingine, mmoja mmoja. Akanielekeza kila kimoja kikae wapi. Huyu hapa, na huu umfuate. Yule pale, na ule umfuate. Nikavisogeza kama mtu anayepanga viatu vya wageni.

Alipomaliza aliniangalia, akataka kuniambia jambo, akabadili mawazo. "Wabeja," akasema. Asante, hilo nalijua.

Nje, Vumilia akamfunga kanga mabegani. Mzee alimwacha amfunge. Kwa kawaida huisukuma.

26 Juni

Mzee amelazwa. Nimeketi mbele ya kompyuta nikapeleka mshale hadi kwenye neno la kutoa. Bado siku nne, na ahadi ni ahadi, na huyo mtu yuko hai. Nikazima.

27 Juni

Mzee Masele amefariki asubuhi.

1 Julai

Nimerudi leo mchana kutoka msibani, na nitaandika kwa utaratibu, maana nisipofanya hivyo nitaandika matusi.

Nilikwenda tarehe ishirini na saba kama jirani yeyote, nikidhani tutazika kesho yake. Lakini mtoto wake mkubwa yuko machimboni Chunya, wakasema asubiriwe. Huwezi kuondoka kwenye msiba kwa kisingizio cha kompyuta. Nilifikiria kumwomba mtu ruhusa, nikajisikia nikisema kichwani, "Jamani, naomba kutoka kidogo, programu yangu inafungwa," mbele ya wazee wanaolala chini kwenye turubai, nikanyamaza. Tulichimba kaburi, tulipasua kuni. Mtoto alifika tarehe thelathini, jua likiwa limeegemea. Tukazika jioni hiyo, kisha tukalala palepale matangani kama desturi ilivyo.

Mwigulu alikuja. Watu wakampisha. Alikuwa ameleta shuka jipya jeupe la kumzikia mwenzake, amelishika kwa mikono miwili. Vumilia alilipokea, akaingia nalo ndani kwa babake, akamfunika yeye mwenyewe. Mwigulu aliketi na wafiwa mpaka mwisho. Hakuimba.

Leo nimefika studio nikiwa na udongo kwenye viatu. Nikawasha. Haikunisalimia. Pakaonekana ukurasa mweupe wenye maneno machache, na Aneth akayasoma mara mbili, ya pili kwa upole zaidi.

2 Julai

Vipande nimevipata. Viko ndani ya kompyuta, vyote, kila kimoja kimepewa jina la herufi na namba zisizo na maana. Nimejaribu kuvipanga kwa saa za kurekodiwa, lakini mzee hakuimba kwa mpangilio. Rangi hazipo. Ninavyo kama mtu mwenye shanga na hana uzi.

Nimevisikiliza siku nzima. Nilikuwepo vilipopangwa. Ni mimi niliyevipanga. Sikumbuki, kwa sababu kwangu vilikuwa rangi tu.

5 Julai

Nimekwenda Ushirombo na vipande kwenye flashi. Kiongozi wa kwaya, Martina, alinipokea kama mfadhili, akanionyesha kompyuta yangu ya zamani imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ua la plastiki juu yake.

"Haijawahi kutusumbua, Baba Aneth. Mwaka huu tumerekodi nyimbo za Pasaka."

Boksi likafunguka palepale. Halikuniuliza jina, halikuniuliza kama nimelipa. Vipande vya mzee likavipiga vizuri kuliko Mwenye Nyumba alivyowahi kuvipiga. Mpangilio halikuwa nao, lingeutoa wapi. Lakini nyimbo nilizorekodi kwalo zamani zote zimo, zimepangwa vilevile nilivyoziacha, hata ule wa harusi ya mtu aliyekwisha kuachana na mkewe.

Martina akaniuliza kama nalitaka Boksi lirudi. Nikasema hapana. Ningesema nini, niwanyang'anye kwaya?

7 Julai

Vumilia amekuja. Nilimwingiza ndani ya studio kwa mara ya kwanza. Akaangalia trei za mayai, godoro, kiti cha babake, akakaa kwenye kiti changu.

Nikampigia vipande vyote, kimoja kimoja. Mwanzoni alitafsiri akicheka. Kuna mstari unamfananisha Mwigulu na ngoma iliyolowa mvua, kuna mwingine kuhusu ndevu zake, alisema huo ungeua uwanja. Baadhi aliweza kuvipanga, maana mmoja unauliza na mwingine unajibu. Tukafika kwenye vile vinne vya mwisho.

Jina lake. Jina la mkwe wake. Kisha mistari miwili.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Huu unasema: huyu alikula kwangu, leo jina langu limempotea. Na huu unasema: huyu ndiye atakayenifunika shuka." Akaweka mikono magotini. "Sasa nani ni nani, Baba Aneth?"

Nikasema bila shaka mstari wa shuka ni wake. Yeye ndiye aliyemfunika.

"Shuka lilikuwa la Mwigulu."

"Basi aliyekula kwake..."

"Mwigulu alikuwa mwanafunzi wake. Alikula kwake miaka. Nami nilikula kwake miaka, na tangu niolewe sijaimba jina lake mbele ya watu hata siku moja, kule nisingeweza." Alisema hivyo taratibu, kama anahesabu vyombo. "Inakaa kote kote."

Mashine ya jirani ikaanza kusaga.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Huhitaji Kisukuma. Aliposema jina langu, uso wake ulikuwaje?"

Ningeweza kumdanganya. Mimi ni mtu wa kawaida, mwenye moyo laini, ningeweza. Lakini aliniangalia kwa macho yaleyale ya babake.

"Nilikuwa naangalia taa za kipimo cha sauti," nikasema. "Zisifike kwenye nyekundu."

Baadaye nilimwambia naweza kuupanga mimi, jina lake na shuka, nikautoa, ukawa faili moja, ndugu zake waupige uwanjani, nani atajua. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Mimi nitajua umeupanga wewe," akasema. "Na wewe ni Mfipa."

Alicheka. Nilicheka pia, halafu wote wawili tukaacha.

12 Julai

Mbina. Sikutaka kwenda, nimekwenda. Vumbi, soda za moto, watu kama wa mnada. Bagika walicheza nyimbo za zamani, na nyimbo za zamani kila mtu anazijua, hata mimi. Umati ulianza kuhamia upande wa pili kabla jua halijageuka.

Ilipofika zamu ya Mwigulu alisimama na kipaza sauti, akafungua kinywa, akakifunga. Akamrudishia kijana wake akakaa. Wengine wakasema ni heshima. Jirani yangu akasema alikuja na majibu, na maswali hayakuletwa. Sijui. Simuelewi, kama nisivyomwelewa mtu yeyote huku.

Vumilia alisimama katikati, penye kamba, upande si wa huku wala wa kule, amembeba mtoto mgongoni.

18 Julai

Vijana wa stendi wamekuja kuuliza nimehamia programu gani. Wao pia walikuwa wapangaji wa mwenye nyumba huyohuyo. Wamepoteza nyimbo nyingi kuliko mimi, lakini waimbaji wao wako hai, wanaimba upya. Wanajiunga na nyingine, ya kulipia kila mwezi. Wakaniuliza nami nitajiunga lini.

21 Julai

Nimejiunga. Hakuna nyingine inayouzwa ikawa yako, nimetafuta.

Mama Aneth hakunitania. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

29 Julai

Barua pepe kutoka kwa wale wa zamani. Wanauliza ningeipa huduma yao nyota ngapi kati ya tano. Aneth amerudi chuo, kwa hiyo nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, na kamusi. Sikuijibu.

9 Agosti

Vumilia alitaka vipande vyote kwenye simu yake, kama vilivyo. Nilimwekea, hata vile vya kukohoa. Hivyo nilitaka kuvifuta, akakataa.

24 Agosti

Jua kali, mashamba yamebaki mabua. Nimekutana na Vumilia sokoni, kwenye mafungu ya dagaa. Nikamwuliza kama anavisikiliza.

"Kila siku, nikipika. Simu inavichanganya yenyewe, mpangilio wake kila siku tofauti. Siku nyingine nafunikwa shuka, siku nyingine nimesahau jina."

"Na leo?"

Alichagua fungu, akalinusa, akalirudisha.

"Leo imeanza na kukohoa," akasema, "mkaa ukaisha kabla haijafika kwenye majina."